Ubao Uliovuta Kulia

Ukitaka kumjua Mama Msasa, mtazame vidole kabla hujamtazama uso. Miaka ishirini na mitatu ya kusugua faibaglasi imemfuta alama zote za vidole. Alipokwenda kuchukua kitambulisho kipya, mashine ilikataa kidole kimoja baada ya kingine, mpaka karani akamshauri aache kazi mwezi mzima ili ngozi irudi. Akamjibu kwamba ataacha, ila naye karani aache yake mwezi huohuo, waone nani atatangulia kulala njaa. Aliondoka na kitambulisho siku hiyohiyo. Ndivyo alivyo. Kitu akikitaka hakibembelezi, anakaa nacho mpaka kichoke kumkatalia.

Kazi aliianzia kwa mumewe, enzi hizo wakiziba matangi ya maji yaliyopasuka na matumbo ya boti. Mume ndiye aliyeitwa fundi, mke alikuwa mkono wa msasa tu. Kisha wakaanza kuja watu wa kuteleza mawimbini na mbao zao ndefu, nyepesi, foamu ndani na ganda la faibaglasi nje, zinazovunjika kama biskuti. Mume akajifunza kuzitengeneza, mke akajifunza kwa kumtazama mume, na miaka ikapita mpaka mke akawa anayaona makosa ambayo mume hayaoni. Ndoa ikaanza kuvuja papo hapo. Waliachana bila majirani kuitwa. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, sasa mtu mzima anayeendesha malori nchi za mbali, kwa hiyo hapakuwa na cha kugombania isipokuwa randa ya umeme, na randa aliichukua mke.

Mume jina lake la kazini lilikuwa Simenti, maana alichokigandisha hakibanduki. Chini ya mkia wa kila ubao kuna mapezi, kwa kawaida matatu, moja la katikati na mawili ya pembeni, ndiyo yanayoufanya ubao ushike maji badala ya kuteleza ovyo kama sabuni sakafuni. Simenti aliyabandika kwa resini, gundi ya maji inayoganda kama jiwe, na tabaka juu ya tabaka za faibaglasi, akayasugua yakang'aa, akajivunia kwamba hata ubao ukifa mapezi yatabaki. Alikuwa fundi kweli, hilo hata mtalaka wake hakulikataa.

Ila Mama Msasa aliona jambo jingine. Mbao nyingi zilikuwa za kambi ya kufundishia kuteleza hapo ufukoni, zilitumiwa na wanafunzi, na mwanafunzi kazi yake ni kugonga. Leo mchanga, kesho jiwe. Pezi la gundi likigongwa linang'oka na kipande cha ganda, na ubao unalazwa karakana siku nne. Pezi la skrubu likivunjika unalifungua, unapachika jingine, mteja hajamaliza soda yake. Tena si kuvunjika tu. Pezi la kufunga na kufungua linaweza kusogezwa. Ukilisogeza mbele ubao unageuka upesi, ukilirudisha nyuma unatulia. Ubao mmoja unamfaa anayeanza asubuhi na unamfaa mjuzi jioni.

Kulisema ni rahisi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la matairi ya baiskeli: vigoda viwili vilivyovishwa zulia kuukuu ili visikwaruze mbao, taa ndefu iliyofungwa ubavuni mwa ukuta ili kila bonde lijionyeshe kwa kivuli chake, na dirisha moja ambalo jirani wa juu alilitukana kila harufu ya resini ilipopanda. Humo ndimo alimovunjia moyo vifaa vya kila aina. Mapezi ya kwanza aliyakata kwenye vibao vya plastiki vya kukatia mboga. Alinunua vingi mpaka muuza vyombo akamuuliza kama amefungua hoteli na hajamwalika. Yalipinda. Akayavisha faibaglasi, yakasimama. Skrubu za kwanza zikashika kutu na hazikutoka hata kwa nyundo. Za pili zilikuwa nene, zikapasua kijumba cha plastiki alichokizamisha kwenye ubao ili pezi likae humo. Mara ya tatu akachimba mfereji mwembamba katikati ya mkia, akatelezesha humo nati ndogo ya mraba, pezi likawa linakwenda mbele na nyuma na kukazwa popote. Yale ya pembeni akayawekea vibanzi, vipande vyembamba vya plastiki vya kupachika kando ya shina la pezi, ukibadilisha kibanzi pezi linabadili uelekeo kwa unywele tu. Unywele huo majini ni mkubwa.

Mjaribuji wake alikuwa mmoja. Ni binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, sasa ni mwalimu wa kuteleza hapo kambini, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na yote ya kweli. Alimwita Mama Mdogo. Alirudi kutoka majini na kusema, "Mama Mdogo, hili linatetemeka," au, "Mama Mdogo, hili limelala." Mama Msasa alirudi chumbani akasugua tena. Hakuna siku waliyokaa wakapongezana.

Sasa mwenye kambi, ambaye wote walimwita Bosi, akatoa neno. Amechoka kuhangaika na mafundi wawili. Mbao zake arobaini zote zitakwenda karakana moja. Ufuko ule haukuwa na kambi nyingine, na mbao za watu binafsi hazikuzidi vidole vya mikono. Atakayekosa kazi ya kambi atafunga mlango, hilo halikuhitaji mchambuzi. Simenti mwenyewe alilijua, na kabla hata ya jaribio alishawaambia watu kwamba hana kinyongo, mzazi mwenzake akikwama atampokea, kazi ya msasa ipo na itaendelea kuwepo. Alilisema kwa huruma kabisa. Mama Msasa angeweza kuvumilia matusi.

Bosi akapanga jaribio. Mbao mbili za umbo moja kutoka stoo yake, moja apewe Simenti abandike mapezi yake, moja apewe Mama Msasa afunge yake. Mwalimu mmoja, binti huyohuyo, aziendeshe zote, mawimbi matatu kila ubao, pale penye mawe upande wa kulia, maana ndipo wanafunzi wanapoumia. Asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Adhuhuri Bosi anasafiri kwenda kufunga mikataba yake ya mwaka, hivyo jibu atalitoa palepale mchangani.

Ubao aliopewa Mama Msasa ulikuwa wa manjano, na waliujua vizuri wote. Mwaka juzi ulivunjika pua, yeye akaijenga upya kwa foamu mpya, akaipaka rangi, na Bosi aliisifu mbele ya watu kwamba haoni palipoungwa. Safari hii akaulaza kifudifudi juu ya vigoda, akafunga uzi puani, akauvuta mpaka mkiani, akachora mistari ya mapezi kwa kuufuata uzi. Ndivyo mafundi wote wa pale walivyopima. Unaanza puani kwa sababu pua ndiyo inayotangulia. Simenti ndiye aliyemfundisha.

Siku ya siku, Simenti alitangulia. Binti aliupeleka ubao wake wa kijivu majini, akachukua wimbi la kwanza, la pili, la tatu, yote safi. Ubao ulikwenda kama uliopigiwa mstari, ukapita mbali na mawe. Simenti hakushangilia. Alifuta miwani yake kwa shati, akauliza kama kuna mtu ana maji ya kunywa.

Ukaja wa manjano. Mama Msasa aliikaza kila skrubu kwa ufunguo wake mdogo wa pembe sita, kisha akazikagua tena kwa kidole gumba. Binti akaufunga mguuni kwa kamba yake, akaingia.

Wimbi la kwanza lilikuwa la kiasi. Aliinuka vizuri, magoti yakakunjika, na kwa kitambo kifupi ubao ulikwenda sawa. Kisha pua ikaanza kutafuta kulia. Kidogo kwanza, mtu asiyejua asingeona. Binti aliegemea kushoto, ubao ukatii nusu, ukarudi kulia. Alilazimika kujitupa nyuma ya wimbi kabla ya mawe.

Bosi alikunja mikono. Mama Msasa alijiambia ni mguu, ni upepo, ni lolote.

Wimbi la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na hapo visingizio vyote viliisha. Ubao ulikata kulia moja kwa moja, binti akiupigania kwa mwili mzima, mawe yakitokeza vichwa vyeusi katika povu. Wote waliona alivyoruka, na wote waliona povu lilivyomfunika palepale yalipo mawe. Mama Msasa alikuwa tayari ndani ya maji mpaka kiunoni, na gauni, na viatu, bila kujua ameingia saa ngapi. Kichwa kikatokea. Kisha mkono, ukivuta kamba ya ubao.

Binti alitoka akichechemea. Muundi ulikuwa umechanika urefu wa kidole, damu ikishuka na maji mpaka kisiginoni. Ubao ulikuwa na mkwaruzo ubavuni tu. Mapezi yote matatu yalikuwa mahali pake, hayajatikisika hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyomtia Mama Msasa hofu zaidi. Pezi lingekuwa limelegea angejua la kufanya.

"Mzazi mwenzangu," Simenti akasema taratibu, "kitu kinachofunguka kitafunguka."

"Hakijafunguka," akajibu. "Njoo ukiguse."

Simenti aliinama, akalishika pezi la katikati, akalitikisa kwa nguvu. Ubao mzima ulitikisika nalo. Akanyanyuka, akawa amechanganyikiwa yeye pia, maana alikuwa fundi.

Bosi alitazama saa, kisha akatazama bahari. Maji yalikuwa yanatoka. Mawe ambayo nusu saa iliyopita yalionekana vichwa tu, sasa yalionyesha mabega. Akasema bado wimbi moja, yeye si mtu wa kuvunja utaratibu aliouweka mwenyewe, ila baada ya dakika kumi na tano hatamruhusu mfanyakazi wake kuingia pale, na hatamlazimisha kuingia hata sasa. Kama halipo wimbi la tatu, basi jibu amekwisha kuliona.

Mama Msasa aliupindua ubao mchangani, akapiga magoti. Alifungua skrubu, akatoa vibanzi, akavipima kimoja juu ya kingine kwa ukucha. Vilikuwa sawa. Akapitisha kiganja ndani ya mfereji, hakuna resini iliyovimba. Akalala kifudifudi, shavu kwenye mchanga, akaufumbia ubao jicho moja kutokea mkiani, kama mtu anayechungulia chini ya mlango. Mapezi yaliangalia puani, yote, kama askari. Hakuna lililokosea.

Akatoa uzi mfukoni. Mikono ilitaka kitu cha kufanya. Akaufunga puani, akauvuta mpaka mkiani, ukapita juu ya mistari yake yote bila kosa. Akaukaza, akautazama tena, na ndipo akaona kitu cha pili kilichokuwa kinapita chini ya uzi.

Ndani ya kila ubao kuna uti, ukanda mwembamba wa mti unaogawa foamu katikati toka mkiani hadi puani, na kwenye ubao wa manjano ulionekana kupitia ganda kama mshipa. Mkiani, uzi na uti havikuwa pamoja. Alifuatisha uti kwa kidole kwenda mbele, mpaka ulipoishia chini ya rangi, mahali pua ya zamani ilipovunjika. Pua mpya haikuwa na uti. Aliijenga kwa foamu tupu, akaichonga kwa jicho, akaipaka rangi. Akauhamisha uzi, akaulaza juu ya uti na kuunyoosha mpaka mbele kabisa. Ulitokea kulia mwa ncha ya pua kwa upana wa kidole gumba.

Pua ilikuwa imekaa kushoto, na aliyeiweka ni yeye. Kisha akaja akapima mapezi kutoka kwenye pua hiyohiyo, akayaelekeza yote kushoto pamoja nayo, na mkia ukisukumwa kushoto, pua inakwenda kulia, kwenye mawe. Skrubu hazikuwa na kosa, wala vijumba, wala wazo. Kosa lilikuwa na miaka miwili, na lilisifiwa mbele ya watu.

Sasa akili yake ilifanya kile ilichozoea kufanya, ikatafuta bei. Akinyamaza, anaweza kubadili vibanzi, cha kushoto kinene, cha kulia chembamba, akasema tu alikosea kuvipanga. Nani angejua? Bosi hajui uti ni nini. Simenti alikuwa amesimama mbali akimwaga mchanga kwenye kiatu. Kazi ya pua isingetajwa, na mtu hajitangazii ubovu mbele ya mnunuzi, hilo alilijua kabla hajaota meno ya pili. Aliukunja uzi mkononi.

Alianza kupanga vibanzi kwa kuufuata uti, akayakaza mapezi ya pembeni. Pezi la katikati lilimsumbua, maana mfereji wake umechimbwa kwa mstari uleule uliopinda na mfereji haubadiliki kwa kibanzi. Akalifungua, akalitoa kabisa, akalitia mfukoni.

Binti alikuwa amekaa kando yake, amefunga muundi kwa kitambaa cha kichwani, damu imeshapenya. Alikuwa anautazama ule uzi.

"Mawili tu?" akauliza.

"Mawili yatakushika. Usigeuke kwa pupa, egemea polepole."

"Mama Mdogo."

"Dakika zinakwenda, mwanangu."

"Nitaingia," binti akasema. "Ila niambie kwanza. Unajua, au unabahatisha?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, wala hakuificha, na Bosi alikuwa hatua tatu kutoka pale. Mama Msasa alimtazama mguu. Mawe sasa yalikuwa yanaonekana mpaka kiunoni. Kama atasema anajua, atamwamini na kuingia, lakini ataulizwa anajuaje. Kama atasema ni vibanzi, mtoto huyu aliyekaa chumbani kwake miaka yote akiona vibanzi vinavyopimwa mara tatu tatu atajua kuwa anadanganywa, na ataingia vilevile, na ataingia na wasiwasi. Mtu mwenye wasiwasi hukaza magoti.

"Najua," akasema. "Pua niliiweka kombo. Mwaka juzi, nilipoijenga. Imekwenda kushoto upana wa gumba, na mimi nikapima mapezi kwayo. Sasa nimepima kwa uti."

Binti aliitikia kwa kichwa mara moja, akanyanyuka, akauchukua ubao. Alichechemea mpaka majini, akalala juu ya ubao, akaanza kupiga makasia kwa mikono.

Bosi alisogea. "Umesema uliupinda ubao wangu?"

"Nimeupinda."

"Ubao ambao uliniambia umekuwa kama mpya."

"Nilisema hivyo. Nilidhani hivyo."

Simenti alicheka, kicheko kifupi cha puani, halafu kikamkatikia katikati. Mama Msasa alikiona kilivyokatika ila hakuwa na nafasi ya kukifikiria. Macho yote yalikuwa baharini.

Binti aliacha mawimbi mawili yapite. La tatu lilipokuja alilitazama juu ya bega, akaanza kupiga maji. Lilikuwa na nguvu za kutosha, na maji chini yake yalikuwa yamepungua kina, likainuka wima kuliko yote ya asubuhi ile. Akainuka nalo. Mguu wenye kitambaa ulikuwa mbele.

Ubao ulikwenda mbele. Mama Msasa alikuwa anaisubiri pua, haoni kitu kingine, hata mtoto hamwoni, pua tu. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Pale pale ulipoanza kukata mara mbili zilizotangulia, pua ilichezacheza, kumbe ni mtikisiko wa maji yanayorudi kutoka kwenye mawe. Binti aliegemea kushoto taratibu, kama alivyoambiwa. Mkia uliserereka kidogo, maana pezi la katikati halikuwepo, kisha mapezi mawili yakauma. Ubao ukageuka kushoto, ukayapa mawe mgongo, ukaja mpaka mchangani ukisugua tumbo.

Mama Msasa aligundua kwamba pezi lililokuwa mfukoni amelikamata kwa nguvu mpaka ukingo wake umemkata kiganja.

Bosi hakupiga makofi, hakuwa mtu wa hivyo. Alimgeukia Simenti.

"Fundi, na wewe unapima kutoka wapi?"

"Puani," Simenti akajibu. "Kila mtu anapima puani."

"Mbao zangu zilizowahi kuvunjika pua, na wewe ukaja ukabandika mapezi, ni ngapi?"

Simenti alihesabu kwa midomo. Alikuwa mkweli siku zote, na huo ndio ulikuwa udhia wake. "Tisa," akasema. "Kumi, na ule mfupi."

"Zinavuta?"

Aliyejibu ni binti, aliyekuwa amefika akiburuta ubao, akihema. "Wa bluu unavuta kushoto," akasema. "Na ule mrefu wenye maua. Siku zote tunawaambia wateja ni miguu yao."

Bosi alivuta pumzi ndefu, akaitoa. Alitaka kujua mapezi ya gundi yanarekebishwaje, na Simenti akamweleza bila kuzunguka: yanakatwa, ganda linapasuliwa, tabaka zinarudiwa, ni kama kuuzaa ubao upya. Kila mmoja alikuwa na picha ya skrubu mbili zilizofunguliwa mchangani na wimbi lililofuata, hivyo hapakuwa na haja ya mtu kuzisema.

Bosi akasema mbao zote arobaini ziende kwa Mama Msasa. Kisha, kwa kuwa naye hakufika alipofika kwa upole, akaongeza kwamba pua zote alizozijenga Mama Msasa, na anazikumbuka kuwa si chini ya sita, zikanyooshwe kwanza, bila malipo.

"Saba," Mama Msasa akasema. "Hizo ni mzigo wangu, nitazibeba. Za gundi si mzigo wangu. Hizo ni kazi, na kazi tutaizungumza kabla hujapanda gari."

"Zungumza."

"Na ufunguo wa skrubu mteja hapewi. Unakaa na walimu. Mteja akipewa ufunguo, kesho utakuta pezi limegeuzwa nyuma mbele na anataka arudishiwe hela yake."

Bosi alitaka kubisha, maana alishaanza kuwaza kuwakodisha wateja mapezi ya kuchagua wenyewe. Akamtazama binti, akautazama mguu, akasema walimu basi. Walizungumza mambo mengine wakiwa wamesimama, dakika ishirini nzima, mvuto huku na mvuto kule. Mwisho Mama Msasa alipata karibu yote aliyoyataka na akajifanya amepoteza mawili, ili mwenzake asafiri akiwa ameridhika.

Bosi alipoondoka, Simenti alikuwa bado pale, ubao wake wa kijivu umelala miguuni pake. Ubao ule haukuwahi kuvunjika pua, ndiyo maana ulikwenda vizuri. Alikuwa ameinama akiutazama uti wake kwa karibu, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kujua upo.

"Ulipouona ule uzi," akasema bila kuinua kichwa, "ungeweza kunyamaza. Hata mimi nisingejua."

"Ningeweza."

"Mbona hukunyamaza?"

Mama Msasa alimtazama binti, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa maji akisafisha jeraha kwa maji ya chupa na kukunja uso.

"Aliniuliza," akasema.

Simenti aliitikia kwa kichwa, akapiga mchanga kwenye magoti ya suruali. Mama Msasa alikuwa anakusanya vibanzi, akivitia kimoja kimoja kwenye kopo. Kumi za gundi zilihitaji mtu anayejua tabaka zimelala vipi, na hakuna aliyejua kuliko aliyezilaza. Hilo alishalipigia hesabu wakati Bosi bado anazungumza.

"Zile mbao kumi," akamwambia, "utazileta wewe, au nizifuate?"

"Nitazileta."

"Lete mbili mbili. Chumba changu kidogo."